Siku Kompyuta Ilipokataa Kuwa Sisi ni Watu

Mwaka 1993, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, ndipo shida ilipohamia nyumbani kwangu. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilipunguza watu, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi iliyobandikwa getini. Siku hizo mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine, na redioni tunaambiwa biashara ni ruksa. Ruksa kweli, lakini uanze na nini? Mume wangu alikaa miezi miwili akinyoa ndevu kila asubuhi kama anayekwenda kazini. Mwezi wa tatu akasema anarudi kwao kulima, atatuma salamu. Salamu alituma mara moja. Nikabaki Mwanza na watoto wanne, chumba kimoja cha kupanga, na elimu yangu ya darasa la tatu.

Siandiki haya ili nionewe huruma. Huruma haijawahi kunilisha. Naandika ili ujue kichwa changu kilifundishwa wapi, maana baadaye kichwa hicho hicho kiliniingiza kwenye aibu.

Tulikaa mlimani, kati ya mawe, na bomba lilikuwa moja tu, chini barabarani. Maji yalitoka yalipotaka yenyewe. Watu walipanga ndoo tangu alfajiri, moja nyuma ya nyingine, kila mtu akiijua yake kwa kitambaa kilichofungwa mpinini au kwa ufa wake. Ukishaweka ndoo, umeshakuwepo. Nenda sokoni, nenda kanisani, ndoo inakusimamia. Lakini ndoo isiyo na mwenyewe karibu husogezwa. Ukirudi unaikuta ya mwisho kabisa, imeegemea jiwe kama mgonjwa. Mimi hapo nikaona kazi. Nikawaambia wenye ajira zao mjini: niachieni ndoo, nitazilinda, nitazijaza, mkirudi mnakuta maji mlangoni. Nikawa mlinzi wa foleni. Sheria yangu ilikuwa moja: aliyewahi, awahi. Mke wa balozi wetu wa nyumba kumi alijaribu kupenyeza karai lake, nikalibeba mwenyewe mpaka nyuma. Alinitukana njia nzima, lakini alipanga mstari.

Kutoka kwenye maji nikaingia kwenye mitumba. Nilikuwa navuka na kivuko hadi Kamanga, kisha Sengerema siku za gulio, bunda kichwani. Huko nilijifunza kupiga kelele bila kuona haya. Mitumba ilinifikisha kwenye mashine ya kutoa kopi. Niliinunua imetumika, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyerithi duka la karatasi kwa baba yake, pale mjini.

Akaniuliza, "Mama, kitabu cha mashine utaweza kusoma?"

Nikamwambia, "Kitabu achana nacho. Nionyeshe inapokwama."

Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akakunja mikono ya shati akanionyesha kila mahali karatasi inapokwama, na namna ya kuichomoa bila kuichana. Mafunzo yangu yote ya ufundi ni yale, ya asubuhi moja. Yametosha.

Basi, turuke miaka. Mwaka 2013 nilikuwa na steshenari yangu Kiseke. Kompyuta mbili, printa moja, na kimodemu kimoja cha kuchomeka, kwa hiyo kompyuta yenye mtandao ilikuwa moja. Aliyekalia kiti chake alikuwa mtoto wa kaka yangu, mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, aliyewahi kuwa mpiga chapa ofisini kabla ofisi hazijaacha kutumia wapiga chapa. Vidole vyake vinakimbia kama mvua juu ya bati. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na daftari, kupanga watu.

Wakati huo vyuo vilikuwa vimeanza kuacha fomu za karatasi. Mtu anakuja na vyeti vyake, tunamjazia fomu mtandaoni, tunapandisha vyeti, tunabonyeza kutuma. Tatizo letu lilikuwa mtandao. Ukurasa wa fomu uliweza kuchukua robo saa kufunguka. Nikatoa amri: mteja akiingia tu, mfungulie fomu yake papo hapo, hata kama unamshughulikia mwingine. Iache ifunguke polepole pembeni, zamu yake ikifika inamkuta tayari. Vikawa vinajipanga juu ya kioo cha kompyuta vidirisha vidogo, kimoja baada ya kingine. Nilivitazama nikafurahi. Niliona ndoo. Na kwa mwaka mzima amri ile ilitupa sifa. Watu walitoka mpaka Buswelu kuja kwangu, wakisema kwa yule mama huchelewi.

Mpaka ilipokuja fomu ya chuo kimoja cha uuguzi. Fomu ile mwishoni ilikuwa na kitu kigeni: herufi na tarakimu sita zilizopindapinda, zimechorwa juu ya mistari kama vile mtoto amezichezea. Unatakiwa uzisome na kuziandika kwenye kisanduku. Mtoto wa kaka akaniambia inaitwa kapcha, na kazi yake ni kuhakikisha anayejaza ni mtu, siyo mashine.

"Mashine inatuuliza sisi kama ni watu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Haya. Mwambie ndiyo."

Siku ya mwisho ya fomu hiyo ilikuwa Ijumaa, na mlango wake ulikuwa unafungwa saa kumi jioni. Ijumaa ile nilipofika kufungua duka nilimkuta mwanamke amekaa kizingitini, mkoba mapajani. Alitoka Sengerema, akavuka na kivuko cha kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umewahi."

"Sina siku nyingine, mama."

Akasimama, akanieleza palepale mlangoni. Alikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka tisa: kusafisha sakafu, kubeba wagonjwa, kuosha maiti. Alirudia mtihani wa kidato cha nne akiwa na watoto wawili, akapata alama zilizotakiwa. Chuo kile kilipokea mwisho miaka thelathini na mitano, na yeye thelathini na mitano ndiyo hiyo alikuwa nayo. Mwaka unaofuata wangemwambia amepita umri. Akaishia hapo, hakulia wala nini. Nilimpenda kwa hilo. Nikaandika mstari wa kwanza kwenye daftari, wake.

Fomu yake ikafunguliwa. Kabla haijaisha kujazwa, wakaingia wengine watano, na kwa amri yangu kila mmoja akafunguliwa kidirisha chake. Vyeti vya yule mama vikapanda. Mtoto wa kaka akaandika zile herufi zilizopinda, akabonyeza. Kioo kikawa cheupe, na maandishi mekundu katikati: herufi ulizoandika si sahihi, anza upya.

"Umekosea," nikasema.

"Nimeandika kama zilivyo, shangazi."

"Vaa miwani."

Akavaa miwani. Akasema amfungulie tena yule mama, nikasema hapana, fomu nyingine ziko tayari, zikae bure? Tumalize mstari kisha turudi. Wa pili akakataliwa. Wa tatu akakataliwa. Wa nne vilevile. Wa tano alikuwa kijana mwenye mdomo, akasema, "Jamani, huyu wa ndani ya kompyuta hapendi watu wa Kiseke." Naye akakataliwa. Wa sita, mzee mmoja aliyekuja kumwombea binti yake, akapita. Kikaja kijani, na namba ya kupokelewa.

Mzee akasimama, akanyoosha koti. "Mimi ni mtu," akatangaza. "Nimepimwa."

Duka zima likacheka, mimi pia. Nikajua sasa kazi imenyooka. Kwa vile mimi ni mtu wa haki, nikasema tunarudi mwanzo, kwa mpangilio ule ule, aliyewahi awahi. Mama wa Sengerema akafunguliwa wa kwanza, wengine nyuma yake, na mgeni mmoja aliyeingia wakati huo akawekwa mwisho. Tukajaza upya yote. Yule mama akakataliwa. Na waliomfuata wakakataliwa. Mgeni akapita.

Hapo kicheko kiliisha. Ikawa saa sita. Tulijaribu kila kitu. Nikamwambia kila mteja aje aandike herufi zake kwa mkono wake, labda mashine inataka mwenyewe. Wakakataliwa kwa mikono yao, akapita mgeni mwingine tu, aliyefunguliwa mwisho. Tukazima kompyuta, tukaiwasha. Tukaandika kwa herufi kubwa, tukaandika kwa ndogo. Chini ya fomu palikuwa na namba ya fundi wa chuo. Nikampigia.

"Mama, kwangu inafanya kazi," akasema. "Nimeijaribu sasa hivi. Hebu futa historia ya hiyo kompyuta."

Tukafuta historia. Ikakataa.

Yule mama wa Sengerema alikuwa kwenye benchi, mgongo wima. Akasema polepole, wala si kwa hasira, "Tangu asubuhi najiandikisha kuwa mtu."

Maneno hayo yaliniuma, na mimi nikiumwa huwa natafuta wa kumpiga. Nikamgeukia mtoto wa kaka yangu mbele ya wateja wote. Nikamwambia, "Kama macho yako yamekwisha, sema, nitafute mwenye macho. Miaka yote unasema umepiga chapa ofisini, ulikuwa unapiga au ulikuwa unapigiwa?" Watu wakatazama chini. Mtoto wa kaka akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa, akaendelea kuandika. Nilivyomfahamu, ningependa zaidi angenijibu.

Kufika saa nane alitoka kwenda kunywa chai, maana nilimlazimisha, na mimi nikabaki na daftari. Sikusoma sana, nimeshasema. Lakini mstari najua kuusoma. Kila mteja nilimwekea alama: vema kama amepita, mkato kama amekataliwa. Nikatazama. Duru ya kwanza, mikato mitano, vema moja, mwisho. Duru ya pili, mikato, mikato, vema mwisho. Ya tatu hivyo hivyo. Nikageuza daftari, nikalisoma kuanzia chini kwenda juu, nikidhani labda macho yangu ndiyo yamekwisha.

Nikajiuliza: ni foleni gani hii ambayo anayechota ni wa mwisho tu?

Nilikaa na swali hilo. Bombani, ukiweka ndoo nyuma ya ndoo yangu, yangu haipungukiwi kitu. Lakini je, kama kuna bomba ambalo mlinzi wake anakumbuka ndoo moja tu? Unaweka yako, anaikariri. Anakuja mwingine, anaikariri ya yule, ya kwako anaisahau. Zamu yako ikifika anakuuliza alama ya ndoo, unamwambia kitambaa chekundu, anasema hapana, mimi ninayoijua ina ufa. Na wewe husemi uongo. Yeye pia hasemi uongo.

Mtoto wa kaka aliporudi nikamuuliza, "Ukifungua fomu, zile herufi zinakuja mpya?"

"Kila fomu na zake, shangazi."

"Na yeye kule anayezisahihisha, anazikumbuka zote?"

Akanitazama. Akatazama vidirisha vilivyojipanga juu ya kioo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Asubuhi nilitaka kukwambia tufunge vyote, nijaribu kimoja."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema navunja foleni."

Kweli, ningesema.

"Funga vyote," nikamwambia. Saa nane na nusu ilikuwa imefika. Fomu moja, kwa mtandao ule, ilikula kama dakika ishirini. Watu waliobaki walikuwa sita, watano wa asubuhi na mmoja aliyeingia baadaye. Hata mtoto angeona kwamba hawatatosha.

Hapo nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu bombani. Nikasimama mbele ya wateja nikasema, "Kosa si la macho ya huyu. Kosa ni la amri yangu. Mimi ndiye nimesema mfunguliwe wote kwa pamoja, na fomu hii inamkumbuka wa mwisho tu. Nimemtukana mbele yenu, sasa namwomba radhi mbele yenu. Tunaanza upya, mmoja mmoja, hakuna kidirisha cha pili. Na wengine hamtawahi."

Kijana mwenye mdomo akasema, "Sasa mama, tumekaa hapa tangu saa tatu kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya ubishi wangu," nikamjibu.

Mama wa Sengerema akaitwa. Wala sikumpendelea, jina lake ndilo lilikuwa la kwanza. Mtoto wa kaka akaanza kujaza. Cheti cha kwanza kikapanda, cha pili kikakwama katikati, kikapanda. Katikati ya kazi akaingia mteja mpya, anahema, anauliza kama fomu ya uuguzi bado. Nikaona mkono wa mtoto wa kaka unakwenda wenyewe juu, pale pa kufungulia kidirisha kipya. Mazoea. Nikaushika. Nikaushikilia pale juu ya meza, mkono wake ndani ya mkono wangu, mpaka mteja yule akakaa benchi. Yeye akaniangalia, akacheka kidogo. Ndio mara ya kwanza kucheka siku hiyo.

Zikaja herufi. Akazisoma kwa sauti, mimi nikazitazama, yule mama akasimama nyuma yetu akazitazama. Akabonyeza.

Kimodemu kikawaka, kikazima, kikawaka. Kikaja kijani.

Yule mama hakushangilia. Akaomba kalamu, akaiandika ile namba ya kupokelewa kwenye kiganja, kisha kwenye karatasi, kisha akaomba tumchapishie. "Zikipotea mbili," akasema, "ibaki moja." Akakaa tena benchi, ingawa kazi yake imekwisha.

Baada yake wakapita watatu, mmoja mmoja, bila mkato hata mmoja. Saa kumi ikagonga tukiwa katikati ya kijana mwenye mdomo, na fomu ikajifunga usoni pake. Yule wa sita hatukumgusa kabisa. Aliyekuja anahema alikuwa amekwishaondoka. Kijana alichukua vyeti vyake, akavigonga mezani vilingane, akasema, "Mama, siku nyingine jaribu kuwa wa mwisho." Akatoka. Nasikia alikwenda kusoma mambo mengine huko kanda ya kati. Huenda ni kheri, huenda siyo. Si mimi niliyepaswa kumchagulia.

Nikampigia tena fundi wa chuo. Nikamweleza: fomu yako inakumbuka herufi za kidirisha cha mwisho, vya nyuma inavifuta, kwa hiyo mtu akifungua viwili kwenye kompyuta moja anakuwa mwongo kwenye kile cha kwanza. Nikasikia anabonyezabonyeza. Kisha akasema, "Ni kweli, mama. Seva inaweka jibu moja kwa kila kompyuta inayoingia. Sikufikiri mtu angefungua fomu sita kwa mpigo."

"Hukuwahi kupanga ndoo."

"Mama, umesomea wapi kompyuta?"

"Bombani," nikasema, nikakata simu, maana salio lilikuwa langu.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Watu hupenda niwasimulie nilivyomshinda fundi, na mimi husimulia, sina unyenyekevu wa uongo. Lakini nikiwa peke yangu nafikiri kingine. Sheria ya aliyewahi awahi ilinitoa kwenye njaa, kwa hiyo niliamini ni haki kila mahali. Kumbe haki ya bombani, ndani ya kompyuta ile, ilimwadhibu aliyewahi kuliko wote, na kila nilipomrudisha mbele kwa heshima nilikuwa namrudisha kwenye kukataliwa. Nilikuwa namtendea wema kwa nguvu zangu zote, na wema ndio uliokuwa unamzuia. Aliyejua alikuwa jirani yangu wa kiti, na alinyamaza kwa sababu nilikuwa nimemzoesha kunyamaza. Mashine inapokwama najua pa kuichomoa karatasi. Mtu aliyekwama kwa sababu yangu sikuwa nimejifunza kumwona.

Yule mama chuo kilimchukua. Alipita dukani kuchapa barua ya kuomba ruhusa kazini, akaniletea samaki wawili wa kukausha, tukala na mtoto wa kaka palepale nyuma ya printa.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vitano Kiseke, bati zote, hati mkononi. Kiwanja kingine Sengerema, hakijajengwa, kina mihogo. Ng'ombe wanne kwa kaka yangu. Tenki la maji la lita elfu tano. Watoto wanne walio hai, wajukuu tisa. Mashine mbili za kopi, ya zamani haifanyi kazi, siiuzi. Kompyuta tano, kila moja na mtandao wake. Cherehani. Steshenari, nusu yangu, nusu ya mtoto wa kaka yangu, imeandikwa kwa wakili tangu Jumatatu iliyofuata Ijumaa ile. Miwani, jozi mbili.